Kitanda cha Trekta ya Zadock Bichage

Asubuhi moja, mwaka wa pili baada ya bendera mpya kupandishwa, Nyanchoka aliingia dukani kwa mumewe pale Suna, Migori, akachukua nyundo rafuni bila kuomba ruhusa, akapigilia msumari mrefu ukutani nyuma ya mizani. Kwenye msumari huo akatundika ngata yake. Ilikuwa ngata ya majani makavu ya mgomba, imesokotwa ikawa duara, na katikati imelainika kwa miaka mingi ya kukaa baina ya kichwa na mzigo.

"Baba Kemuma," akasema, "umeiona hiyo?"

Zadock Bichage alikuwa akimpimia mteja chumvi. "Nimeiona, Mama Kemuma."

"Basi nimekukabidhi. Msimu juzi na msimu jana nimepandisha mahindi kutoka shamba letu kule mtoni kwa kichwa, na kila nikifika hapa napita kando ya trekta imelala uani kama mgeni aliyeshiba. Msimu huu sibebi. Siku utakaponifanya niitoe hiyo ngata nikabebe, nitaitoa pamoja na nguo zangu, nirudi Nyaribari kwa baba."

Mteja alijifanya anachagua majembe. Zadock akaendelea kumimina chumvi hadi mizani ikagonga meza, na mteja, mtu mwenye adabu, hakutaka kumkatiza.

Huyu Zadock mnapaswa kumjua kidogo kabla hatujafika kwenye aibu yake. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili. Alipoingia kanisani, wale waliokuwa wamekaa kwenye benchi lake walihisi. Alitoka Nyaribari akiwa kijana, akisukuma baiskeli iliyobeba ndizi, akateremka hadi Migori kwa sababu aliambiwa huko watu hula samaki mpaka wanatamani kitu kingine. Ndizi zikazaa duka. Duka likauza misumari, mbegu, chumvi na mafuta ya taa, na mwenye duka akawa shemasi katika kanisa la Waadventista. Sifa yake kubwa ilikuwa uangalifu. Mbuzi wake mmoja alifungwa kwa kamba mbili. Mlango wake ulikuwa na komeo, kufuli, na jiwe. Hata sala yake ya chakula ilikuwa na amina ya kwanza na amina ya kuhakikisha.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Maurice Werema, fundi wa baiskeli, Mkuria wa upande wa Kehancha, Mkatoliki mwenye rozari mfukoni na spana mfuko wa pili. Kikisii cha Zadock na Kikuria cha Maurice ni lugha za ndugu, na pengine ndiyo maana watu hawa wawili hawakuzitumia wakiwa pamoja. Kila mmoja alisikia lugha ya mwenzake kama lugha yake mwenyewe inayosemwa na mtu mwenye mafua. Kwa hiyo wakazungumza Kiswahili, wakaelewana, wakapendana, na siku moja wakanunua trekta.

Waliinunua Sotik, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Trekta ilikuwa ndogo, ya kijivu, yenye umri wa kuitwa mzee, lakini ilinguruma vizuri. Ilikuja na plau. Trela lake, ambalo ndilo lingebeba mahindi, lilikuwa limechukuliwa asubuhi ileile na mtu mwingine aliyeamka mapema zaidi. Zadock na Maurice walichelewa kwa sababu Zadock alirudi nyumbani kuhakikisha kufuli.

Basi trekta ikawa inalima. Ililima mashamba ya nusu ya Suna, ikasifiwa. Lakini mahindi yakishakauka, trekta ililala uani chini ya mkalitusi, na Nyanchoka akapita kando yake na gunia kichwani. Hiyo ndiyo hali iliyoleta msumari.

Jioni ya siku ile Zadock alimwita Maurice uani.

"Ndugu yangu, nyumba yangu imetundikwa kwenye msumari," akamwambia, akamweleza yote.

Maurice hakucheka, au alicheka kwa ndani. Akainama nyuma ya trekta, akaitazama mikono ile ya chuma inayoshika plau, miwili chini na mmoja juu, inayoinuka dereva akivuta kijiti kando ya kiti.

"Ikiweza kuinua plau, itaweza kuinua kitanda," akasema. "Tutengeneze kitanda, Mzee. Fremu ya chuma, mbao juu. Tunakishika kwenye mikono hii. Tunakishusha chini, tunapakia magunia, tunavuta, kinapanda, twende zetu. Kama karia ya baiskeli tu, ila kubwa."

"Wewe chuma, mimi mbao."

"Mimi chuma, wewe mbao. Lakini lini?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jumatatu hadi Ijumaa kila mmoja alikuwa mtumwa wa wateja wake. Jumamosi Zadock hakugusa hata kijiko cha kukorogea chai, kwa ajili ya Sabato. Jumapili Maurice alikuwa misani, na baada ya misa alikuwa na jamaa zake. Wakafikiri, wakakuna vichwa, mwisho wakaona neema katika jambo hilo: Maurice atafanya kazi Jumamosi, Zadock atafanya Jumapili, na kitanda kitajengwa mara mbili kwa wiki. Wakapeana mikono. Hawakuzungumza tena juu ya kitanda hicho kwa namna ya maana mpaka siku ya mkosi.

Jumamosi ya kwanza, Zadock akiwa kanisani anaimba, Maurice alileta vyuma vya lori kuukuu, akavikata, akavitoboa, akavikaza kwa bolti. Ilikuwa fremu nzuri, nyepesi, imenyooka. Zadock aliiona Jumapili asubuhi, akaizunguka, akaitikisa. Haikutikisika. Akafurahi. Kisha akakumbuka kitu, na furaha yake ikapoa.

Bolti zile zilikazwa siku ya Sabato.

Yeye hakuwa mtu wa kudharau dini ya mwenzake, nataka mlielewe hilo. Maurice alikuwa mtu mwema kuliko mashemasi wengine aliowajua. Lakini je, nati iliyokazwa saa ambayo Mwenyezi amekataza kazi, itakuwa na baraka ya kukaza? Si inaweza kulegea yenyewe, katikati ya mlima, magunia yakiwa juu? Angemwambiaje rafiki yake jambo kama hilo bila kumvunjia heshima? Akaona njia ya upole ni kunyamaza na kuweka boriti mbili za mvule chini ya fremu, alizokuwa amezinunua mjini Oyugis kwa kazi nyingine. Bolti zikilegea kwa sababu za mbinguni, boriti zitashika. Akazipigilia kwa misumari mirefu, pa pa pa, akarudi ndani na dhamiri safi.

Sauti ya nyundo ilifika hadi kanisani kwa Wakatoliki. Ilifika, kwa bahati mbaya, wakati kengele ndogo ya misa inalia na watu wote wamepiga magoti. Maurice alifumba macho akahesabu kila msumari.

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya boriti zile akiwa na spana mkononi. Mbao ilikuwa nzuri. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini misumari iliyopigwa Siku ya Bwana, tena wakati wa kengele! Misumari ya namna hiyo ni ya kuaminiwa? Naye pia aliheshimu dini ya Zadock, naye pia akaona upole ni kunyamaza. Akazifunga zile boriti kwa mikanda ya chuma, huku na huku, akapitisha bolti nene na kuzigonga ncha zikafura, zisifunguke kamwe.

Jumapili Zadock aliona mikanda ya Sabato. Akaongeza mbao.

Jumamosi Maurice aliona mbao za Jumapili. Akaongeza chuma.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeziona siku zote mbili. Huyo ni Phelesia, mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliyepanga mafungu yake ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya ua ule. Alikuwa Mjaluo wa Muhuru Bay, na kanisa lake dogo la pale ziwani lilisali Jumatano jioni, hivyo Jumamosi na Jumapili zote zilikuwa zake za biashara na za kutazama.

"Jaduong' Zadock!" aliita Jumapili moja, akimwita mzee kwa Kijaluo. "Hicho ni kitanda cha mahindi, au serikali imekupa kazi ya daraja?"

"Nyar Muhuru, binti wa Muhuru, uza samaki."

"Nauza. Mikono inauza, macho yamepumzika kwako. Jana mwenzako naye alikuwa hapo anatoa jasho, leo wewe. Mnashindana?"

"Tunashirikiana."

"Aa. Nilikuwa sijui kushirikiana kunaonekana hivyo."

Nanyi mtauliza, kwani Jumatatu hawakuonana? Walionana. Ukuta ulikuwa mmoja. Walisalimiana, wakaulizana watoto, wakaulizana hali ya hewa.

"Na kitanda, ndugu?" Zadock angeuliza, akitazama pembeni.

"Kitanda kiko sawa, Mzee. Wewe unakionaje?"

"Mimi nakiona kiko sawa kabisa."

"Basi kiko sawa."

Na kila mmoja akarudi dukani kwake akiwa na siri yake na huruma yake kwa mwenzake.

Wakati huo kule mtoni mahindi yalikuwa yamevunwa, yamepukuchuliwa na kujazwa magunia, yakangoja ndani ya kibanda cha nyasi. Mawingu yakaanza kuja kutoka upande wa ziwa kila alasiri, yakajipanga, yakatazama chini, yakaondoka. Kila mtu alijua kwamba mvua ikishika, ile njia ya mteremko itageuka uji, kibanda kitavuja, na mahindi yataota ndani ya magunia. Kila asubuhi Nyanchoka aliingia dukani na kitambaa, akaipangusa ngata vumbi, akatoka. Zadock angependa zaidi kama angepiga kelele.

Jumatatu moja mawingu yalikuja asubuhi badala ya alasiri.

"Ni leo," Zadock akasema.

Wakafunga maduka. Maurice akapanda kwenye kiti, Zadock akaomba, akasema amina, akasema amina tena. Habari ilikuwa imekwenda mbio, na nusu ya soko ilikuwa imesimama uani. Kitanda kilikuwa chini, kipana, kimetulia, tabaka la mbao juu ya tabaka la chuma juu ya tabaka la mbao. Mtu angeweza kujenga nyumba juu yake na kuoa.

"Vuta!" Zadock akaamuru.

Maurice akavuta kijiti. Trekta ikanguruma, ikatetemeka, ikatoa moshi. Kitanda kikabaki pale pale chini. Kilichoinuka ni upande wa pili. Magurudumu ya mbele yakaachana na ardhi polepole, pua ya trekta ikapanda, ikapanda, mpaka trekta ikasimama kama mbuzi anayetafuta majani ya juu, na Maurice amelala chali kwenye kiti akitazama mbingu yenye mawingu.

Hakuna gunia hata moja lililokuwa limepakiwa.

"Omera, ndugu yangu Maurice!" Phelesia akaita kutoka ng'ambo. "Ukifika huko juu tusalimie!"

Maurice akashusha kijiti, trekta ikaanguka kwa miguu yake ya mbele, puu. Akateremka, uso wa majivu. Na hapo, mbele ya soko zima, upole wa wiki zote zile ukaisha.

"Ni hizi mbao zako, Mzee! Mbao juu ya mbao! Unajenga safina ya Nuhu?"

"Mbao? Tazama vyuma! Nani alikuambia uweke mikanda yote hii?"

"Niliweka kwa sababu ya misumari yako!"

"Misumari yangu ina nini?"

"Ni ya Jumapili!" Maurice akalipuka, kisha akaziba mdomo kwa mkono, kwa kuchelewa.

Zadock akagusa boriti moja.

"Na mimi," akasema kwa sauti ndogo, "boriti niliziweka kwa sababu ya bolti zako. Zilikuwa za Sabato."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakakitazama kitanda, ambacho kila ubao na kila chuma kilichozidi kilikuwa heshima ya mtu kwa dini ya mwenzake.

Phelesia alikuwa amevuka barabara ili asikie vizuri. "Ngojeni nielewe," akasema. "Kwa hiyo Mungu ameacha kazi zake zote, wiki zote hizi, amekaa anangojea nati ya Maurice ilegee?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mkalitusi. Zadock hakucheka. Alikuwa anatazama mlango wa duka, na kupitia mlango alikuwa anauona ukuta, na ukutani msumari.

Wakajaribu kukipunguza. Spana haikupata pa kushika, maana ncha za bolti Maurice alikuwa amezigonga zisifunguke. Nyundo haikung'oa kitu, maana Zadock alikuwa amekunja kila msumari kwa upande wa pili na kuufukia. Waliitafuta sehemu dhaifu hata moja, hawakuipata. Tone la kwanza la mvua likamdondokea Zadock shingoni. Akaenda mbele ya trekta, akajitupa kwa mikono miwili juu ya boneti, akalaza kichwa chake hapo kama mtu anayelilia jeneza.

"Mzee," Maurice akasema taratibu, "usiondoke hapo."

Akapanda kwenye kiti, akavuta kijiti. Kitanda kikajikuna, kikasita, kikainuka kutoka ardhini. Pua ya trekta ilitikisika, lakini ikabaki chini, kwa kuwa juu yake palikuwa na shemasi.

"Panda kabisa! Kalia!"

Zadock akapanda. Akakaa juu ya boneti, ameipa mgongo barabara, anatazamana na dereva. Trekta ikatulia kama imekunywa dawa. Umati ukashangilia. Kisha Zadock akatoa ukelele, akaruka chini akijishika nyuma, na trekta ikarudi kuwa mbuzi. Injini ilikuwa imenguruma kwa muda mrefu, na boneti lilikuwa sasa linafaa kukaangia omena.

Ndipo alipomwona Nyanchoka.

Alikuwa ametoka jikoni, amepita katikati ya watu bila kumtazama mtu, ameingia dukani. Kupitia mlango Zadock aliuona mkono wake ukinyanyuka kwenye msumari. Ukaishika ngata. Ukaitoa.

Zadock aliwahi kusimulia baadaye kwamba hakusikia tena injini wala watu. Aliona tu msumari mtupu. Akafikiria vyumba, chungu cha maji, sauti ya Kemuma akiuliza mama yuko wapi. Akafikiria kwamba kama angemwambia Maurice neno moja tu, Jumatatu yoyote ile, juu ya bolti zile, kitanda kingekuwa chepesi na mke angekuwa nyumbani.

"Mama Kemuma," akaita.

Nyanchoka alitoka mlangoni na ngata mkononi. Zadock alitafuta nguo kwenye mkono wa pili. Mkono wa pili ulikuwa mtupu. Akaja moja kwa moja hadi kwenye trekta, akaiweka ngata juu ya boneti, akaibonyeza katikati kwa kiganja, kama alivyozoea kufanya kabla ya kuiweka kichwani.

"Kalia," akasema. "Haitakuunguza."

"Lakini ulisema ukiitoa..."

"Nilisema nikiitoa nikabebe. Leo mimi sibebi. Unabeba wewe." Akamtazama kutoka juu hadi chini, mwili wote ule. "Tena upesi, mvua inakuja. Na mimi nakaa wapi?"

Alikaa kwenye kitanda. Maurice alimpa mkono akapanda, na Phelesia akampa kigoda chake cha kuuzia samaki, akisema kitanda kizito namna ile hakifai kumbeba mama bila kiti. Wakapita sokoni wakielekea mtoni, Nyanchoka nyuma juu ya kigoda na mikono magotini, Maurice katikati, na Zadock mbele puani, kinyumenyume, akimwelekeza dereva barabara asiyoiona mwenyewe. Waliokuwa mbali walidhani shemasi amekamatwa. Waliokuwa karibu walivua kofia, hawajui ni kwa ajili ya nani.

Walikwenda na kurudi siku nzima, magunia machache kila safari, kwa sababu kitanda chenyewe kilikuwa kimeshakula nusu ya nguvu. Kwenye mlima, pua ilipotaka kuinuka, Zadock aligeuka akalala kifudifudi, akalikumbatia rejeta, lile sanduku la maji ya injini, na ngata ikahamia chini ya tumbo. Gunia la mwisho liliingia stoo mvua ikiwa imeshaanza kumwagika, na Maurice na Zadock wamelowa, wanabishana kwa furaha ni kanisa gani lililoshikilia kitanda.

Hawakukipunguza kamwe. Maurice alisema ataanza yeye mara Zadock atakapotoa boriti zake, na Zadock alisema atatoa boriti mara mikanda itakapofunguliwa. Hivyo trekta ile ilibeba mahindi ya Suna kwa miaka, kila mara wenyewe wakiwa wote wawili juu yake, siku za kazi tu, wakiongea uso kwa uso njia nzima, maana hapakuwa na pengine pa kutazama. Msimu wa mavuno ulipokaribia Nyanchoka alimwongezea mumewe ugali, akisema trekta anaiona nyepesi kwa mbele.

Na ngata ilirudishwa kwenye msumari wake jioni ileile. Asubuhi Nyanchoka aliingia na kitambaa kuipangusa, akaishika, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango. Shemasi alikuwa ameikalia na kuilalia kutwa. Ilikuwa imebapa kama chapati, na lile tundu la katikati lilikuwa limefumba. Hakuna kichwa cha mwanadamu ambacho kingeweza kuivaa tena. Akaitundika palepale, akatoka nje, na Zadock, aliyekuwa akimpimia mteja chumvi, akamsikia akicheka peke yake hadi jikoni.